Wifi Yetu Hapigi Magoti

Sisi tunaoandika habari hii ni dada watatu wa tumbo moja. Wote tumeolewa, wote tuna watoto, na wote tunasoma kurasa hizi kila mwezi, nakala moja ikizunguka nyumba tatu mpaka jalada linatoka. Tumekubaliana kuandika pamoja kwa sababu kosa tulilifanya pamoja. Majina hatutaji, wala kijiji. Itoshe kusema kwamba tunatoka Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, huko kwenye baridi na viazi, na kwamba mhusika mwenyewe, yaani wifi yetu, ameisoma habari hii yote kabla haijatumwa. Alifuta mahali pawili, mengine akasema yaende.

Tunaye kaka mmoja tu. Alioa mwaka 2009, na kusema kweli alioa vizuri. Wifi alikuwa mtu wa kuamka kabla ya jogoo. Akilima, mstari wake unamaliza wa kwanza. Ndoo ya lita 20 kichwani, mtoto mgongoni, na bado anaimba sauti ya pili ya kwaya njia nzima. Mama yetu, ambaye si mwepesi wa kusifu, aliwahi kusema mbele ya watu kwamba Mungu alimnyima wana wengi wa kiume lakini alimpa mkwe mmoja anayetosha wanne. Sisi mabinti zake tulisikia, na hatufichi, ilituchoma kidogo.

Mtoto wake wa tatu alizaliwa Februari 2018. Miezi miwili mitatu baada ya kujifungua alikonda haraka. Moyo ulimwenda mbio, mikono ilitetemeka, na usiku alitoka jasho hata mwezi Juni, ambapo kwetu watu hulala na mablanketi matatu. Tukasema ni kunyonyesha. Halafu mambo yakageuka kabisa. Kufikia mwisho wa mwaka ule alikuwa amenenepa, uso umevimba kidogo hasa asubuhi, sauti imekuwa nzito kama ya mtu mwenye mafua yasiyoisha. Yule aliyekuwa akitoka jasho sasa alikaa jikoni karibu na mafiga, sweta juu ya sweta. Ngozi ilikauka, nywele zikakatika, choo kikawa taabu. Hedhi iliporudi ilikuwa nzito, siku nane au tisa.

Na kazi ikamshinda. Hapa ndipo dhambi yetu inapoanzia, kwa hiyo tutaeleza kirefu.

Akina mama wenzetu, mtu akiugua malaria kila mmoja anaona. Akivunjika mguu, jirani anakuja na uji. Lakini wifi yetu aliugua ugonjwa wenye sura ya uvivu. Ndoo ya maji aliacha kuibeba kichwani. Nguo alizifua vizuri, lakini hakuzianika kwenye kamba. Alizitandaza juu ya majani kama mtoto wa shule. Shambani alipiga majembe kumi akasimama ameshika kiuno. Kilima cha kwenda kanisani kilimchukua nusu saa, na kila hatua chache akisimama, watu wakimpita. Akikaa kwenye kigoda cha jikoni alikuwa anaita mtoto aje amshike mkono ili ainuke. Usiku misuli ya miguu ilimkaza mpaka akalia.

Lakini mikono yake, kuanzia kiwiko kushuka, ilikuwa mizima. Alimenya viazi, alisuka nywele za watoto, alishona vitambaa vya mezani vyenye maua madogo madogo. Na sisi tukalishika hilo kama ushahidi mahakamani. Tulisema, “Kushona anaweza, kulima hawezi! Ugonjwa gani huo unaochagua kazi?” Mmoja wetu, aliye mwalimu, ndiye aliyelisema kwanza. Wengine wawili tulilirudia kila tulipokutana, mpaka likafika sokoni, na kutoka sokoni likafika kwao.

Jambo la mwisho lilikuwa magoti. Kwetu mke humsalimu mama mkwe kwa kupiga magoti, hata kama ameshakaa miaka ishirini kwenye ndoa. Wifi aliacha. Alisimama mlangoni, akainama kidogo, akasema “Shikamoo, mama,” basi. Kanisani pia, wakati wa maombi wenzake wanapiga magoti, yeye anabaki ameketi, kichwa chini. Mama hakusema neno kwa miezi miwili. Wanaomjua mama wanajua kwamba ukimya wake ni mbaya kuliko maneno.

Si kwamba hakwenda kutibiwa. Alikwenda. Zahanati ya kwanza walimpima malaria na taifodi, wakampa dawa za yote mawili. Kwingine aliambiwa ni mgongo, akapewa dawa za maumivu na vitamini. Kwingine akaambiwa ni mawazo tu, ajitahidi kufurahi. Mwishowe duka moja la dawa lilimwuzia vidonge vya prednisoloni kwa ajili ya “baridi yabisi”. Wiki mbili za kwanza alijisikia vizuri, akatufanya tuamini zaidi kwamba alikuwa akiigiza. Kisha uso ukamjaa zaidi, na mapaja yakazidi kulegea. Leo tunajua sababu. Dawa za jamii hiyo nazo ni homoni, na zikitumiwa kwa muda mrefu bila usimamizi hulegeza misuli ileile ya mapaja na mabega. Alizitumia miezi mitatu. Na hata kuziacha kuna utaratibu wake: mtu aliyezizoea hazikati ghafla kwa uamuzi wake, bali hupunguziwa na daktari kidogo kidogo, maana mwili huwa umeacha kutengeneza zake.

Jumatatu ya Pasaka, tarehe 22 Aprili 2019, mama aliitisha kikao. Kaka aliambiwa aje na mkewe. Sisi watatu tulikuwapo, pamoja na baba mdogo, na mama mmoja muuguzi mstaafu ambaye ni mwenzetu katika umoja wa wanawake na ambaye mama humheshimu. Aliitwa kama mshauri wa ndoa tu. Shauri tulilokuwa nalo mkononi ni kwamba wifi arudi kwao “akapumzike”. Nyote mnajua maana ya kupumzika kwa namna hiyo.

Wifi aliingia, akatuona tumejipanga, akaelewa. Akaenda mbele ya mama akashuka chini, magoti yote mawili. Akasalimu. Mama akaitikia. Halafu akajaribu kuinuka.

Hatutasahau. Aliweka viganja sakafuni, akanyanyua makalio kwanza, kisha akaweka mkono mmoja juu ya goti, na wa pili juu ya goti lingine, akawa anajisukuma kwa kupanda mapaja yake mwenyewe kwa mikono, kama mtu anayepanda ngazi. Alifika nusu, akaanguka. Mmoja wetu alisema kwa sauti, “Maigizo.” Aliyesema anajijua, na amekubali iandikwe.

Kaka alikwenda kumwinua. Alipokuwa anamwinua akasema, bila kutuangalia, kwamba amekuwa akichota maji mwenyewe saa nne usiku tangu Novemba ili majirani wasione. Hatukuwa tunajua.

Yule muuguzi hakuzungumza habari ya ndoa hata kidogo. Alivuta kiti cha kawaida, akamketisha wifi, akamwambia akunje mikono kifuani asimame bila kujishika. Hakuweza. Akamwambia anyanyue mikono juu ya kichwa kama anayeanika nguo. Haikupita muda mrefu ikaanza kushuka yenyewe. Kisha akampa vidole vyake viwili, akasema, “Vibane kwa nguvu zako zote.” Wifi akabana, na mama yule akakunja uso kwa maumivu. Akatugeukia. “Uvivu hauchagui misuli,” alisema. “Mvivu huchoka mwili mzima. Huyu amechoka mapaja na mabega, mikono yake ina nguvu kuliko yangu. Mpelekeni hospitali kubwa, na mwambieni daktari apime tezi ya shingo.”

Mama akabisha. Alisema, “Shingo yake mbona haina rovu?” Wasomaji wa mikoa yetu mtamwelewa. Bibi zetu wengi walikuwa na rovu, uvimbe wa shingoni uliotokana na ardhi yetu ya milimani kukosa madini joto. Baada ya chumvi kuanza kutiwa madini joto nchini, hasa tangu miaka ya 1990, vijana wenye rovu wamekuwa wachache. Kwa hiyo watu wa umri wa mama hufikiri kwamba pasipo uvimbe tezi ni nzima. Sivyo. Tezi inaweza kushindwa kazi bila kuvimba hata kidogo.

Hospitali ya rufaa tulikwenda naye wawili kati yetu, pamoja na kaka. Daktari alikuwa kijana, tukamdharau kidogo, Mungu atusamehe. Alimpigisha wifi magoti juu ya kiti, nyayo zikining'inia, akagonga kwa nyundo ndogo ya mpira nyuma ya kisigino. Mguu ulishtuka kama kawaida, lakini kurudi ukarudi taratibu, taratibu sana, kama mlango wa kanisa letu unaojifunga wenyewe. Aligonga tena ili tuone. Akasema, kwa mtu mzima mwenye afya mguu huruka na kurudi upesi. Misuli inayochelewa kulegea namna hii inaomba homoni ya tezi.

Damu ilithibitisha. Kuna kipimo kiitwacho TSH, ambacho ni kama fimbo ya ubongo: tezi ikizembea, ubongo huongeza fimbo. Kwa mtu mzima wa kawaida namba yake haizidi 4 au 5 hivi. Ya wifi ilikuwa 98. Homoni yenyewe ya tezi ilikuwa chini mno. Pia kimeng'enya kinachovuja kutoka kwenye misuli iliyoumia kilikuwa juu mara nyingi kuliko kawaida, na lehemu, yaani kolesteroli, nayo ilikuwa juu. Kuhusu lehemu daktari alisema hatampa dawa kwanza, kwa sababu dawa zinazotumika sana kuishusha zinaweza kuumiza zaidi misuli ya mtu ambaye tezi yake haijarekebishwa, na mara nyingi tezi ikitengemaa lehemu hushuka yenyewe. Ikawa hivyo.

Tulimwuliza: tezi iko shingoni, paja liko huku chini, vinahusianaje? Alitueleza kwa maneno ambayo hata mama aliyaelewa tulipomrudishia. Homoni ya tezi hutembea na damu mwili mzima na kuuambia mwili uende kwa kasi gani. Moyo unaisikiliza, utumbo unaisikiliza, ngozi inaisikiliza, na misuli pia. Ikipungua, misuli huchoma chakula chake polepole, hukaza na kuchelewa kulegea, huuma, hushikwa na mkakamao. Inayoonyesha udhaifu kwanza ni ile mikubwa iliyo karibu na kiwiliwili, ya nyonga, mapaja na mabega. Vidole hubaki salama. Kwa hiyo mwanamke anaweza kudarizi ua na asiweze kunyanyua jembe, na yote mawili ni kweli kwa wakati mmoja.

Mwalimu wetu aliinamisha kichwa aliposikia hilo.

Na kwa nini imkute yeye? Daktari alisema ilianza baada ya kujifungua. Wakati wa ujauzito askari wa mwili hutulia kidogo ili wasimdhuru mtoto. Baada ya kuzaa huamka, na kwa baadhi ya wanawake huishambulia tezi. Mwanzoni tezi iliyojeruhiwa humwaga homoni yote iliyokuwa nayo ghalani, ndiyo ile miezi ya kukonda, jasho na moyo kwenda mbio. Ghala likishakwisha, ndipo baridi na uzito. Wengi hupona wenyewe ndani ya mwaka mmoja. Wengine, kama wifi yetu, tezi hairudi tena. Kuongeza chumvi yenye madini joto hakuwaponyi hao, maana tatizo si upungufu wa madini.

Alituonya pia tusije tukamwona kila mwenye mapaja dhaifu tukampa dawa ya wifi. Tezi inayozidisha kazi nayo hulegeza misuli ya mapaja na mabega, ila mgonjwa huyo hukonda huku anakula, hasikii baridi bali joto, moyo unadunda, na mara nyingine macho hutoka mbele. Huyo akipewa dawa ya kuongeza homoni ataumizwa. Dalili za nje zinafanana, damu ndiyo inayosema.

Dawa yenyewe ni kidonge kidogo kiitwacho levothairoksini, ambacho ni homoni ileile inayokosekana. Siku ile daktari alitusimulia kisa ambacho tangu hapo tumekisimulia mara nyingi. Mwaka 1891 daktari mmoja wa Newcastle huko Uingereza, George Murray, alichukua tezi za kondoo, akatengeneza maji yake, akamdunga mwanamke wa miaka 46 aliyekuwa amevimba, amepoa na kuwa mzito kama wifi yetu. Wakati huo ugonjwa huo haukuwa na tiba. Mwanamke yule aliinuka, akaendelea na dawa hiyo hadi alipofariki akiwa na miaka 74, na kwa miaka hiyo yote alitumia tezi za kondoo zaidi ya 870. Kisha huko Marekani, siku ya Krismasi mwaka 1914, Edward Kendall alifaulu kuipata homoni yenyewe ikiwa safi, chembechembe. Mama alipenda sana hiyo habari ya kondoo. Ya Krismasi alisema haishangazi.

Wifi alianza na dozi ndogo, akawa anapimwa damu kila baada ya wiki sita na kuongezwa. Yale mavidonge ya prednisoloni alipunguziwa mpaka yakaisha. Tuseme wazi ili msomaji mwenye mgonjwa asikate tamaa: misuli haikurudi upesi. Wiki za kwanza uso ulipungua, sauti ikarudi, baridi ikaondoka. Mapaja yalichelewa. Mwezi wa tatu aliinuka kwenye kiti bila kujishika. Mwezi wa sita akaanika shuka. Jembe la siku nzima lilisubiri karibu mwaka. Katikati ya safari aliwahi kuacha vidonge wiki tatu kwa sababu alijiona amepona, na misuli ikaanza kukaza tena usiku. Hakurudia. Ni dawa ya maisha, na hilo lilimliza zaidi kuliko ugonjwa wenyewe.

Jambo moja kwa wale mnaotumia dawa hii na mko katika umri wa kuzaa: mkipata mimba, nendeni kliniki mapema sana mkaseme mnaitumia. Mwili wa mjamzito huhitaji dozi kubwa zaidi, na mtoto tumboni hutegemea homoni ya mama katika miezi ya mwanzo. Wala msiiache kwa kuogopa. Inamfaa mtoto pia.

Kuhusu kuomba msamaha, hatukujua tuanzie wapi. Tulikwenda na vitenge viwili na kuku, kama desturi. Alivipokea. Kisha akatuuliza swali moja: kama daktari asingeona kitu kwenye damu, tungekuja? Hatukuwa na jibu, na mpaka leo hatuna. Alituandalia chai, tukanywa kimya. Haikuwa siku nzuri. Uhusiano wetu umerudi, lakini haukurudi siku ile, na baadhi ya maneno tuliyoyapeleka sokoni bado yanazunguka huko. Tukiyasikia tunayasahihisha, hata mbele ya wateja wa watu.

Mama hakuomba msamaha kwa mdomo. Alimwambia tu wifi, “Kuanzia leo unisalimu ukiwa umesimama,” na akamvutia kiti. Wifi sasa anaweza kupiga magoti na kuinuka bila kugusa sakafu. Aliwahi kujaribu mwaka 2020, kuonyesha kwamba amepona, na mama akamkatalia kwa ukali mpaka watoto wakacheka. Hapigi magoti mpaka leo. Wageni wakishangaa, mama huwaambia ni shauri la nyumba hii.

Kidonge humezwa asubuhi tumbo likiwa tupu, kwa maji matupu, na kifungua kinywa kinangoja nusu saa mpaka saa nzima. Vidonge vya madini ya chuma na vya kalisi vinakaa mbali nacho kwa saa nne. Mama, ambaye hajui kusoma saa ya mshale vizuri, alinunuliwa saa ya namba na kaka. Kila asubuhi anaiweka juu ya birika la chai ya maziwa, anakaa kando yake, na hakuna anayemiminiwa kabla ya wifi, hata sisi tukiwa wageni na tumesafiri usiku kucha.